Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya ya kigango chetu, Ngara

Wajukuu zangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikia mnachangishana fedha za sare mpya za Pasaka. Sina neno na sare. Mnaimba vizuri, na zaburi yenu ya katikati hunitoa machozi. Ila kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita.

Mnaikumbuka ile Ijumaa jumuiya ilipokwenda kusali kwa mzee aliyepooza, kule chini migombani. Tulizidi watu ishirini. Rozari niliongoza mimi. Tulisali Matendo ya Uchungu yote matano, na hakuna tendo hata moja tulilomtendea yule mzee. Tukaimba, tukamwambia Mungu yupo, tukaondoka.

Njia panda nikagundua nimesahau kitabu changu cha nyimbo, nikarudi. Nikamkuta mmoja wenu, yule ambaye mwalimu wa kwaya humpanga nyuma kwa kuwa sauti yake inateleza, amechuchumaa uani anafua shuka la mzee. Pembeni yake madumu mawili yanachuruzika maji ya chemchemi. Pipa la maji lipo pale mlangoni. Nikachungulia ndani: kavu, buibui keshatanda utando. Watu wote wale tulilipita tukiingia, tukalipita tukitoka. Mzee alikuwa amelala kwenye mkojo tangu asubuhi, na harufu tuliisikia sote. Mimi nilijifunika pua na kanga nikaendelea na Salamu Maria.

Na somo tulilosoma siku ile lilikuwa la Yakobo, sura ya pili: mtu akimwambia ndugu yake asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe kitu, yafaa nini? Nililisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, hatua tatu kutoka kitandani pake.

Sisi watu wa Ngara, jambo hili tulipaswa kulijua kuliko wengine. Ninyi hamkuwa mmezaliwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto Kagera ulituletea maiti kutoka Rwanda. Kule Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, watu walikimbilia parokiani wakauawa palepale, mwezi wa nne. Wengi wa waliowaua walikuwa wabatizwa kama wao, wamekaa nao mabenchi yaleyale, wanazijua nyimbo zilezile. Miaka yote hii, kila nikisikia kwaya ikiimba upendo, hilo hunirudia.

Lakini mwezi uleule, Gisenyi, upande wa pili wa nchi ile, alikuwepo Félicité Niyitegeka, mwanamke aliyejiweka wakfu kwa Mungu. Yeye alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi katika nyumba aliyoisimamia, akawasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi, akamwomba aondoke ajiokoe. Akamjibu kwamba hawezi kujiokoa na kuwaacha watu 43 walio mikononi mwake. Afadhali afe pamoja nao. Aliuawa tarehe 21 Aprili.

Nimemfikiri sana mama huyu. Siamini kwamba ujasiri ule ulimshukia siku ile ya bunduki. Naona aliyezoea kufua shuka la mgonjwa asiye ndugu yake, hata siku ya hatari mikono yake inajua pa kwenda. Ndiyo maana sihangaiki sana na mambo makubwa mtakayofanya mkiwa wazee. Linalonihangaisha ni pipa.

Najua mtasema vijana hawana fedha. Chemchemi haiuzi maji, wajukuu zangu. Na mkienda, simu zibaki mfukoni. Yule mzee alikuwa mtu wa heshima kijijini hapa. Asipigwe picha akiwa hajiwezi ili ninyi mwonekane wema.

Ninachoomba ni hiki. Ijumaa hii tufike kwake saa tisa, mapema kuliko kawaida. Wenye baiskeli waje na madumu. Paa la jiko lake linavuja upande wa migomba. Nyasi zipo kwangu, anayejua kuezeka apande. Shuka la pili nitalitoa mimi, na mfuko wa sare ukikubali kutoa la tatu, nitafurahi. Kazi ikiisha, tusali, hata fungu moja tu.

Kisha tupange zamu ya watu wawili kila siku, hadi wanawe watakaporudi kutoka machimboni. Mwenye mtihani asipangwe. Namwomba mwalimu wa kwaya amkabidhi daftari la zamu yule kijana wa mstari wa nyuma, kwa sababu njia ya chemchemi anaijua.

Zamu ya Jumatatu niandikeni mimi. Nitakuja na uji wa ulezi.

Bibi yenu wa jumuiya