Jumamosi tumehamia Dunga

Habari zenu wadau, poleni na kazi. Mpango umebadilika, klasi ya Jumamosi haitakuwa maktaba tena, tunaenda Dunga, ile beach ya Kisumu, kwa wateja wetu, wale akina mama wa kuuza samaki tunaowatengenezea mafunzo ya hesabu, juu wamesema siku za wiki wako sokoni hawana nafasi.

1. Tukutane stendi saa mbili na nusu asubuhi, na si ile saa yetu ya kuchelewa tafadhali 😀
2. Kila mtu atume 200 kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni, ni ya nauli na kuprinti maswali.
3. Kwa ile asainmenti ya ADDIE (zile hatua tano za kutengeneza mafunzo: uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini) bado tuko hatua ya kwanza, uchambuzi, kwa hivyo hakuna mtu kuja na slaidi! Tunaenda kuuliza na kuona vile wanaandika hesabu, nani anasoma, nani ana simu gani, ndio tujue kama ni video ama karatasi inawafaa. Malengo tutaandika baadaye, na yawe ya kupimika, "aweze kujumlisha mauzo ya siku", si "aelewe hesabu".
4. Wanaojua Dholuo vizuri, nahitaji wawili wa kuongoza maswali.

Kama unakuja andika NAKUJA hapa leo, kama huwezi pia sema tusikungoje.