Kwa nini tunapima mguu kwanza, na kwa nini hatumsuki Ijumaa mtoto mwenye mechi Jumamosi

Wateja wetu hapa Mtwara mjini wanatujua kwa mambo mawili: mbele tunauza vifaa vya michezo vya watoto, nyuma tunasuka na kunyoa. Ndiyo maana mzazi aliyefuata njumu huishia kuzungumza habari za nywele, na aliyeleta binti kusukwa huondoka na soksi za mpira. Ila wapo wanaoondoka wamekasirika. Mama amekuja na pesa yake, namba ya kiatu anaitaja mwenyewe, mtindo wa nywele anao kwenye simu, halafu sisi tunamwambia hapana, au tunamwambia mlete Jumatano. Sababu zake dukani hatuwezi kuzieleza vizuri watu wakiwa wamepanga foleni, kwa hiyo tunaziandika hapa.

Tuanze na kiatu.

Huku kusini pesa ya nyumba nyingi ina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na kuelekea Desemba mzazi ananunua kila kitu kwa mkupuo: sare za Januari, madaftari, nguo za kijana anayetoka jandoni, na njumu. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yako katikati ya mwaka. Anayenunua Novemba anawaza Juni, kwa hiyo anatuambia, "Nipe kubwa, atakua nayo." Hatuwezi kumlaumu, maana pesa ya korosho ikishakwisha haiji nyingine mpaka mwakani. Tunachobishana naye ni ukubwa wenyewe.

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Wapo wanaozidi, hasa wanapokaribia kubalehe, lakini wengi wapo hapo hapo. Namba moja ya kiatu, kwa hizi namba za 32, 33, 34, ni karibu milimita 7. Novemba hadi Juni ni miezi saba, na kwa muda huo mguu utaongezeka namba moja hivi. Sasa mtoto wa namba 33 akinunuliwa 36, kiatu kimemzidi sentimita 2, ukiacha ile nafasi ya kawaida ya mbele ya vidole. Akikimbia na kusimama ghafla mguu unateleza, kucha ya kidole gumba inagonga mpaka inakuwa nyeusi, kisigino kinachubuka, na akigeuka kwa haraka mguu unageuka kabla ya kiatu. Hapo ndipo kifundo kinapoteguka. Kujaza pamba au gazeti mbele hakusaidii, kwa sababu kisigino bado kinacheza na kiatu kinakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Kwa hiyo tunampima. Ukitaka mpime nyumbani, fanya jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima. Asimame juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, amevaa soksi atakazochezea. Weka alama mbele ya kidole kilichotangulia, ambacho si lazima kiwe gumba. Pima miguu yote miwili, ufuate ulio mrefu zaidi. Urefu huo ongeza sentimita 1, halafu zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 21 unakupa 22, mara 1.5 ni 33. Ukinunua msimu wa korosho kwa ajili ya Juni, chukua 34. Zaidi ya hapo hatutakushauri, hata kama 36 ndiyo tuliyobaki nayo dukani.

Tunajua hilo linamuumiza mzazi mwenye watoto wanne, ndiyo maana tunabadilishana. Njumu zikishambana mtoto na soli bado imeshika, zilete. Tunazikagua, tunakubaliana thamani yake, unachukua namba ya juu na kulipia tofauti. Zile ulizoleta tunazisafisha, tunaondoa tandiko la ndani na kuweka jipya, anazipata mtoto mwingine kwa bei nafuu. Zilizopasuka au zilizolalia upande mmoja hatuzipokei.

Mtumba nao tunauheshimu, sisi wenyewe tumevalisha watoto wetu mtumba. Ukinunua sokoni, kigeuze kiatu uangalie soli. Ikiwa imelika upande mmoja tu, kimeshafuata mwendo wa mtu mwingine na kitampindisha wako. Kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, kimekufa. Bonyeza soli kwa kucha. Ikimomonyoka, kiatu kimekaa ghalani miaka mingi na kitaachia mechi ya kwanza, hata kama juu kinang'aa.

Kuna jambo moja la njumu ambalo wazazi hawaulizi na sisi tunatamani waulize: uwanja. Njumu zenye meno marefu na machache zimetengenezwa kwa nyasi zenye udongo laini. Viwanja vingi vya shule zetu ni ardhi tupu, na kuanzia Juni mpaka mvua zirudi vinakuwa vigumu kabisa. Meno marefu hayazami, kwa hiyo kila hatua inapiga kisigino. Watoto wa miaka 8 hadi 14 hivi mfupa wao wa kisigino bado unakua, na kishindo cha namna hiyo kikirudiwa kila siku huleta maumivu ya nyuma ya kisigino. Mtoto anachechemea baada ya mazoezi, asubuhi yake yuko salama, jioni anachechemea tena. Mzazi anadhani anadeka. Apumzishwe siku kadhaa, apewe raba yenye soli nene au njumu za meno mafupi na mengi, na maumivu yakiendelea apelekwe hospitali. Kwa anayecheza kwenye mchanga ufukweni Shangani, peku inatosha kabisa, mradi mmepita kwanza kuokota chupa na miiba.

Njumu zilizolowa zisianikwe juani kutwa nzima. Jua letu linalegeza gundi na kukausha ngozi mpaka inapasuka. Toa matandiko, jaza magazeti, ziweke kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakilowa. Mtoto akizivaa mbichi kesho yake, fangasi wa katikati ya vidole ndio wanaofuata.

Sasa nywele, na hapa ndipo tunapogombana zaidi na akina mama.

Mtoto mwenye mechi Jumamosi hatumsuki Ijumaa. Mistari ikiwa mipya kichwa kinakuwa kimevutwa, mtoto analala kifudifudi, asubuhi ana usingizi na paji la uso limekaza. Kisha anapiga mpira kichwa. Jumanne au Jumatano ni siku nzuri. Mpaka Jumamosi kichwa kimelegea. Na tunaposuka hatukazi. Wapo mama na bibi wanaotuambia, "Kaza, zikae mwezi." Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, au ngozi imeinuka pale unywele unapotokea, hizo zimevutwa kupita kiasi na zifumuliwe siku hiyo hiyo. Kuvuta huko kukirudiwa mwezi baada ya mwezi kunaharibu mashina ya nywele za pembeni ya uso, na yakishakufa hayaoti tena. Tumewaona wasichana wa sekondari wenye mapengo juu ya masikio ambayo yalianza darasa la pili. Inauma, kwa sababu lilikuwa jambo la kuzuilika.

Mtindo unaofaa michezo ni twende kilioni ya nywele zake mwenyewe, mistari imelala kurudi nyuma, miisho imefungwa chini kisogoni. Rasta ndefu zinaongeza uzito, zinafyonza jasho na hazikauki upesi kwa unyevu huu wa pwani. Shanga ni nzuri kwa Idi na kwa harusi ya shangazi, uwanjani zinampiga usoni yeye na mwenzake, na mwamuzi ana haki ya kumtoa mchezaji aliyevaa kitu cha hatari mpaka akitoe.

Hereni ndizo zinazoliza watoto zaidi. Sheria ya 4 ya soka inakataza mapambo yote, na kuyafunika kwa plasta hakuruhusiwi. Tundu jipya la sikio linahitaji wiki 6 hivi kupona, na hereni ikitolewa mapema linaziba. Ukitaka kumtoboa binti anayecheza, mtoboe mwanzoni mwa likizo ndefu, si wiki mbili kabla ya mashindano.

Hijabu ni suala jingine, na jibu lake ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu 2014 sheria za soka zinaruhusu kichwa kufunikwa, na mpira wa kikapu uliruhusu 2017. Kwenye soka kitambaa kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, kibane kichwani, kisishonwe kwenye jezi, wala kisiwe na kitu cha kumdhuru mtu. Maana yake pini hapana. Fundi cherehani yeyote mzuri anaweza kushona ya kitambaa cha jezi yenye lastiki. Mletee kipimo cha uso na cha shingo. Chini yake nywele zilale, kwa kuwa fundo la utosini linaisukuma hijabu ianguke. Baada ya mazoezi aivue, nywele zikauke kabla ya kujifunika mtandio mwingine. Jasho lililofungiwa ndilo linaloleta harufu na muwasho, na binti akishaanza kuwashwa anachukia mazoezi yenyewe. Tangu Serengeti Girls wafike robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, tunawapata mabinti wengi wanaoulizia njumu. Hatungependa hata mmoja aache kwa ajili ya kitambaa.

Dawa ya kulainisha nywele kwa mtoto wa miaka sita au saba hatuweki. Tunasikia sababu: zinakatika kitana, analia kila Jumapili. Lakini hiyo dawa ni kali, inaunguza ngozi ya mtu mzima sembuse ya mtoto, na kichwa kilichochubuka kikipata jasho la mazoezi ni mateso. Lowesha nywele, paka mafuta ya nazi, tumia kitana cha meno mapana, anza kwenye ncha ukirudi kwenye shina, fungu kwa fungu. Inachukua muda, na kilio kinapungua. Akitoka kuogelea baharini, msuuze kwa maji baridi ya bomba kabla chumvi haijakaukia kichwani.

Wanaonyoa ndio wengi, maana shule nyingi za serikali zinataka nywele fupi kwa wavulana na wasichana. Huko tatizo letu kubwa ni mapunye. Mtoto akija ana mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatikia pale pale, hatumnyoi kwa mashine ya wote na tunakuomba umpeleke kituo cha afya au hospitali ya Ligula. Tunakwambia pembeni, kwa sauti ya chini, ili mtoto asiaibike. Dawa ya kupaka peke yake haimalizi mapunye, kwa kuwa fangasi wameingia ndani ya unywele na shina lake. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 8, na daktari ndiye anayepanga kipimo kwa uzito wake. Wengi huacha mabaka yakianza kufifia, na baada ya muda mfupi yanarudi. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na shule, ila asichangie taulo, kofia wala kitana na wenzake. Waangalie na ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja.

Kwa upande wetu, mashine inapigwa brashi kuondoa nywele na kufutwa kwa spiriti kila baada ya kichwa kimoja, vitana vinaoshwa kwa sabuni na kulowekwa kwenye maji ya klorini. Ukimleta mwanao na hujaona tukifanya hivyo, dai. Ukipenda kuja na kitana chako na taulo yako, hatutaona umetudharau.

Timu ya shule ikitaka kuja pamoja kupimwa miguu, mwalimu atuambie siku mbili kabla, tufunge upande wa kusuka tupate mikono ya kutosha. Njooni baada ya saa kumi jioni, kila mtoto na soksi zake.