Barua ya malalamiko: kilomita 400 kwa chaji moja ni kwa masharti gani?

Kwa Meneja Mauzo,
Idara ya Magari ya Umeme.

Ndugu Meneja,

YAH: TANGAZO LA UMBALI WA GARI KWA CHAJI MOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kijitabu chenu cha mauzo kinasema gari lenu jipya linakwenda "hadi kilomita 400 kwa chaji moja", kisha kinanyamaza. Hatudai kwamba namba hiyo ni ya uongo. Malalamiko yetu, sisi wamiliki na mafundi wa magari haya, ni kwamba mmeficha mazingira yaliyoizaa, na mnunuzi hawezi kuitumia kupangia safari.

Hata kipimo hamkukitaja. Katika WLTP, kipimo cha ulaji na umbali wa magari kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2017 kuchukua nafasi ya kile cha zamani, NEDC, gari hupimwa maabara kwenye joto la nyuzi 23, hita na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, kwa wastani wa kilomita 46.5 kwa saa. CLTC, kipimo cha China, wastani wake ni kama kilomita 29 kwa saa, hivyo gari lilelile hupata namba kubwa zaidi.

Sasa tupige hesabu kwa betri yenu. Mmeandika kilowati-saa 60 (kiasi cha umeme ambacho betri inabeba), lakini zinazotumika ni 57; nyingine zimefungiwa kulinda seli, yaani vipande vya betri vinavyotunza umeme. Ili 57 zifike kilomita 400, gari lazima lile kilowati-saa 14.25 tu kwa kila kilomita 100. Barabara kuu ni habari nyingine. Ukitoka mwendo wa 90 hadi 120 kwa saa, upinzani wa hewa hupanda kwa karibu asilimia 78, na gari la umbo hili linaweza kula kama kilowati-saa 21 kwa kilomita 100. Hapo 57 zinatoa kilomita 271. Tena safarini hakuna anayetumia betri yote: chini ya asilimia 10 dereva anaanza kuhangaika, na juu ya 80 chaja ya kasi inapunguza nguvu mno. Zinabaki kilowati-saa 40, yaani kilomita 190 kati ya kituo na kituo. Hiyo ndiyo namba ya msafiri, na haimo popote kwenye kijitabu.

Wauzaji wenu hupenda kusema kwamba mjini gari linafika mbali zaidi. Ni kweli, mpaka baridi iingie. Hita inayovuta kilowati 3 huongeza kilowati-saa 3 kwa kilomita 100 ukiwa kwenye mwendo wa 100, ila kwenye foleni ya kilomita 20 kwa saa huongeza 15, na ulaji unakuwa zaidi ya maradufu. Pampu ya joto, inayovuta joto kutoka nje badala ya kulizalisha lote kwa umeme, hupunguza hasara hiyo sana. Je, gari hili linayo, au inauzwa kando? Kijitabu hakisemi.

Na tafadhali acheni kumwonyesha mteja kilomita zilizobaki kwenye dashibodi kama ushahidi. Kompyuta huzikadiria kutokana na ulaji wa karibuni, kwa hiyo gari lililozungushwa polepole uwanjani litaonyesha maajabu.

Waranti ndiyo inayotukera zaidi. Mnaahidi asilimia 70 ya uwezo wa betri kwa miaka 8 au kilomita 160,000, bila kusema ni asilimia 70 ya 60 au ya 57. Tukichukua 57, gari linaloweza kwenda kilomita 133 tu kati ya vituo kwa mwendo uleule wa 120 bado ni zima machoni penu. Mnunuzi wa gari lililotumika ajue hilo kabla hajalipa.

Tunataka kijitabu kitaje jina la kipimo, kilowati-saa zinazotumika, ulaji kwa mwendo wa 120 kwenye joto la nyuzi 20 na kwenye nyuzi 0, kilomita kutoka asilimia 80 hadi 10, na ukubwa wa rimu zilizopimwa, maana rimu kubwa hula umeme zaidi. Tajeni pia aina ya seli: za fosfati ya chuma zinahitaji kujazwa hadi 100 mara kwa mara ili kompyuta isome chaji sawasawa, ilhali za nikeli kwa matumizi ya kila siku ni bora ziishie 80.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, na tangazo la sasa lisimamishwe hadi lirekebishwe.

Wenu,
Wamiliki na Mafundi wa Magari ya Umeme