Mwenye lori ajiulize kabla ya kumwita fundi wa usiku mnyang'anyi

Bwana Mhariri,

Nimeisoma barua ya mwenye malori wa Mombasa mliyoichapisha, ile iliyosema mafundi wanaofuata malori yaliyozima usiku kati ya Malindi na Garsen ni wanyang'anyi wenye spana. Mimi si fundi. Nina duka la spea za dizeli hapa Malindi, na simu yangu ndiyo inayolia saa nane za usiku, kwa hivyo hesabu za safari hizo hupita mezani kwangu kabla ya kufika kwa mtu mwingine. Naomba nafasi nimjibu, maana alitaja bei peke yake na sababu zake akaziacha.

Alisema alitozwa Sh8,000 kwa filta inayouzwa Sh1,500. Haya, tuhesabu. Filta ya dizeli Sh1,500. Kichujio cha kutoa maji kwenye dizeli, ambacho hakukitaja, Sh1,800, kwa sababu fundi mwenye akili hafungi filta mpya nyuma ya kichujio kilichojaa matope. Mafuta ya Probox kwenda mpaka kupita Marereni na kurudi, Sh1,700. Msaidizi Sh1,000, kwa kuwa simtumi fundi peke yake usiku, hata awe jabali. Zimebaki Sh2,000. Hiyo ndiyo ya mtu aliyetolewa kitandani kwake, akalala chini ya injini ya moto huku mabasi yakimpita ubavuni, akarudi nyumbani jua limeshatoka. Mwenye malori huyo huyo akimwita fundi wa feni ofisini kwake Mombasa saa nne za asubuhi atamlipa zaidi ya hizo, na fundi wa feni atanyweshwa na chai.

Watu hudhani kazi hii huanza pale fundi anapofungua boneti. Huanza kwenye simu. Dereva akipiga namuuliza: gari gani, Isuzu FSR, Fuso au trela? Ilikufa nguvu polepole au ilizima ghafla? Moshi ulikuwa mweusi, mweupe au wa buluu? Mshale wa upepo wa breki unasoma ngapi? Umebeba nini? Hilo la mwisho madereva wengine huliona umbea, lakini chumvi ya Gongoni inaweza kungoja mpaka asubuhi, maembe ya Mpeketoni yanangoja kwa shida, na ng'ombe wa Garsen hawangoji kabisa. Nikishapata majibu ndipo najua nimwamshe nani na nishushe nini rafuni. Fundi akifika bila dayaframu, ule mpira wa ndani ya breki ya upepo, ya kipimo kile hasa, safari inakuwa mbili, na ya pili hakuna anayetaka kuilipa.

Mara nyingi ni mafuta. Lori linapoteza nguvu taratibu, dereva anabadilisha gia kurudi chini, linakohoa, linazima. Filta imeziba, au bomba limevuta hewa, na dizeli yenye hewa haiendi. Dawa yake kwa magari ya zamani inajulikana: unalegeza skrubu iliyo juu ya filta, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, unakaza. Ikikataa, unalegeza nati za mabomba ya nozo moja moja huku mwenzio akipiga stata. Kwa maneno ni kazi ya nusu saa. Gizani, upepo wa kaskazi ukipuliza mchanga na wewe hutaki hata chembe moja iingie kwenye pampu, si nusu saa.

Na kwa nini filta imeziba? Hapa ndipo nataka mwenye malori anisikilize. Dereva amepewa pesa za mafuta zisizofika. Anajaza kidogo kituoni, kidogo kwenye madumu kando ya barabara, na ndani ya dumu mna maji, kutu na pengine mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ilitoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Lakini ushuru haukuyaondoa maji dumuni. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa dizeli, na sehemu za pampu zinazosukuma dizeli zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ukiinywesha mafuta ya taa inajisaga. Mwenye gari anaokoa mia tano leo, halafu ananunua pampu. Lawama anampa fundi wa usiku, kwa vile ndiye aliyekuwepo gari lilipokufa.

Breki za upepo nazo zina mambo yake. Jamaa aliandika kwa kejeli kwamba fundi alilipwa "kwa kukaza bolti moja". Bolti hiyo naijua, nazo nazikodisha. Kwenye lori kubwa, upepo ndio unaoizuia springi ya breki ya nyuma isifunge. Bomba likipasuka upepo unashuka, ukifika chini ya kama paundi 60 (psi) kwenye saa ya dashibodi kengele inalia, na ukizidi kushuka springi inajifunga na magurudumu hayazunguki tena, hata ulisukume kwa tingatinga. Lori limesimama katikati ya lami na halitoki. Fundi anatia kabari magurudumu kwanza, kisha anaingiza bolti ndefu nyuma ya busta, lile kopo la chuma lenye springi ya breki, na kuirudisha springi kwa spana, zamu kwa zamu, ndipo gari lisogezwe pembeni. Akisahau kabari, lori linamwendea. Na asiyejua akaifungua bangili ya busta ile springi ikiwa imebanwa, inatoka kwa nguvu za kuua mtu, na imewahi kuua mafundi duniani. Kwa hiyo ndiyo, alilipwa kwa kukaza bolti moja.

Jambo jingine la huku kwetu ni chumvi. Kuanzia Gongoni hadi Kurawa ni mashamba ya chumvi, na injini ikichemka hapo utingo hukimbilia maji yoyote anayoyaona. Anayoyaona ni ya chumvi. Yanatiwa kwenye radieta, gari linafika Mombasa, na mwenye gari hajui kitu mpaka miezi inapopita na pampu ya maji inatoboka. Wengine huyamwaga ya baridi juu ya injini ingali inachemka, hedi ikapasuka palepale. Madumu mawili ya maji yasiyo na chumvi yaliyofungwa nyuma ya kebini, na subira injini ipoe, yangeepusha yote hayo. Malori mangapi yanayo? Nikisimama mlangoni mwa duka langu asubuhi naona machache.

Tena kuna habari ya simu kuzimwa. Fundi amefika, ameona tatizo, spea anayo. Dereva hana hata shilingi, na hana ruhusa ya kukubali bei. Anampigia tajiri wake, simu imezimwa. Anampigia meneja, haipokewi. Fundi anakaa kwenye matawi ya mkwaju aliyoyakata dereva kuonya magari, kwa sababu pembetatu za kuakisi mwanga hazipo garini ingawa sheria inazitaka, wanangoja alfajiri tajiri aamke atume M-Pesa. Saa hizo za kungoja nani anazilipa? Tajiri akiamka anasema bei ni kubwa. Kama lori lako linatembea usiku, basi simu yako nayo ikeshe, au mwachie dereva kiasi fulani mkononi na umwamini. Ulimwamini na lori la mamilioni, hutamwamini na filta?

Siwatetei wote. Wako wanaoosha filta kuukuu kwa petroli na kuifunga kama mpya. Wako wanaolegeza kitu ili uwaite tena kabla hujafika Mambrui. Mmoja nilimfukuza dukani kwangu na sijamruhusu kurudi hata kununua balbu. Nayo malori mapya, hizi Actros na Scania zenye kompyuta, kuna vijana wanaoyaparamia kwa ujuzi wa Fuso ya zamani. Kwenye injini za kisasa dizeli iko kwenye bomba kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja la hewa tunayovuta. Ukilegeza nati injini ikiwa inanguruma, inakukata ngozi kama wembe na kuingia mwilini. Gari la namna hiyo linataka fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, na asipokuwapo nasema wazi kwenye simu kwamba livutwe na brekdauni. Dawa ya mafundi wabaya ni rahisi: patana bei kwenye simu kabla hajatoka nyumbani, dereva apige picha ya spea mpya na boksi lake, na kile kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye gari. Anayekataa hayo matatu usimwite.

Kuna na wakubwa wa barabarani. Kizuizi kimoja, sitakitaja, fundi wangu husimamishwa kila mara na kuulizwa kwa nini anatembea usiku na nyundo na mikasi ya chuma. Anaeleza, anaonyesha simu ya dereva, anaonyesha mikono yake iliyojaa grisi. Bado anawekwa pembeni mpaka "mazungumzo" yaishe. Mazungumzo hayo nayo yanaingia kwenye bei, mwenye malori ayajue hayo pia. Siwalaumu kwa kuwa macho. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hakuna mtu wa ukanda huu anayecheza na usalama, na tumezoea kuona magari ya kwenda Lamu yakisindikizwa kwa msafara. Kupita Gamba kuelekea Witu na Mokowe mimi simtumi mtu usiku, unipe pesa gani. Lori likizima huko namwambia dereva asogee kwenye kambi ya askari iliyo karibu kama bado linasogea, afunge milango, fundi atakuja mchana.

Ila toka Daraja la Sabaki hadi Minjila ni hadithi nyingine, na malori yanaongezeka. Lami ya Garsen hadi Mokowe imefika, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na simenti, mabati na unga wa kuvushwa Amu, kisiwani Lamu, unapita mbele ya mlango wangu usiku kucha. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoikata barabara kule Gamba na Lango la Simba, malori yalipanga mstari, na mengine yakathubutu kupita majini. Wiki zilizofuata nilikuwa nauza beringi za magurudumu na oili ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kuliko kitu kingine chochote, kwani maji yakiingia humo oili inageuka nyeupe kama tui na meno ya gia yanakwisha. Walioniita usiku wengi walikuwa hao, na wengi wao hawakuwa wamekaguliwa chochote tangu watoke majini.

Ombi langu kwa polisi wa Malindi na Magarini ni dogo: waandikisheni mafundi wa dizeli wanaofanya kazi ya usiku, picha, kitambulisho, namba ya gari, wapewe kadi. Wakikamatwa na jambo, kadi itawaumbua. Kaunti nayo ina maegesho pale na pale ambayo taa zake hazijawaka siku nyingi. Ziwasheni, lori lililozima lipate pa kusubiri pasipokuwa katikati ya lami. Sijaomba ruzuku wala mkopo wa vijana.

Kwa wenye malori, nimebandika ukutani dukani orodha ya vitu vya kubeba garini: filta mbili, mkanda wa feni, mpira wa radieta na klempu zake, dayaframu moja, bomba la upepo la kipande, bolti ile ya busta, maji madumu mawili, pembetatu, tochi. Dereva yeyote apite apige picha, si lazima anunue kwangu. Vyote hivyo pamoja haviji kufika bei ya kuvutwa na brekdauni hadi Mombasa, ambako ni kama kilomita 120 kutoka hapa.

Na huyo ndugu aliyeandika, kama ni yule ninayemdhania, dereva wake alichukua mpira wa radieta kwa mkopo usiku ule ule wa filta, kwa maneno ya tajiri mwenyewe kwenye simu. Haukuwa ndani ya zile Sh8,000. Daftari liko wazi, namba ya M-Pesa anayo.

Mama Spea,
Malindi