Laini ya upepo kwa duka dogo la uchapaji: wapi ubane pesa, wapi usibane

Sisi tunafunga laini za upepo, yaani mabomba yanayopeleka hewa iliyogandamizwa hadi kwenye mashine. Wateja wengi hutupigia simu wakiwa tayari wameshanunua kompresa, mashine ya kugandamiza hewa. Mashine ya kubana fulana imefika, ile inayosukumwa kwa upepo badala ya mkono. Pembeni ipo ya kupigilia ringi za mabango. Kompresa imeingizwa chini ya meza, mpira mrefu umetandazwa sakafuni, kazi ikaanza. Miezi inapita, kisha fulana nyeupe zinaanza kutoka na vidoa vya njano, pistoni inasitasita kurudi, kompresa yenyewe haipumziki. Swali linalofuata tunalijua: ninunue kubwa zaidi?

Kabla hujaongeza hela, piga hesabu ya upepo unaotumia. Chukua mashine ya fulana yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 100 inayosafiri sentimita 10. Kwa presha ya bar 6, kushuka na kupanda mara moja kunakula kama lita 11 za hewa ya kawaida. Ukibana fulana mbili kwa dakika, hizo ni lita 22. Kompresa ya kawaida ya HP 2 (nguvu farasi 2) hutoa lita 150 hadi 200 kwa dakika, kwa hiyo mashine yako haijaimaliza hata kidogo. Anayeimaliza ni yule kijana mwenye bunduki ya upepo anayepuliza vumbi la karatasi na nyuzi za fulana. Tundu la milimita 2 likifunguliwa kwa bar 6 linatoa takribani lita 250 kwa dakika. Ndiyo maana tunaweka rejuleta (kifaa cha kupunguza presha) yake peke yake kwenye tawi la bunduki na kuishusha hadi bar 2. Vumbi linatoka vilevile, haliruki kuingia kwenye rangi mbichi, na macho ya vijana yanakuwa salama zaidi. Kifaa hicho kimoja kidogo kimewaokoa wateja kadhaa wasinunue kompresa ya pili.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo maduka mengi ya Dar es Salaam yanapoumia. Hewa yetu ya nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ukiigandamiza hadi bar 7 kisha ikapoa, inaweza kubeba gramu 4 tu. Zile 20 zilizobaki zinageuka maji, ndani ya mtungi wa kompresa na ndani ya bomba lako. Kompresa inayovuta lita 150 kwa dakika bila kuzima kwa saa 8 inakutengenezea karibu lita moja na nusu za maji. Hata ikizunguka nusu ya muda huo, bado ni zaidi ya nusu lita kila siku, na maji hayo yanachanganyika na mafuta ya kompresa na kutu ya mtungi. Vidoa vya njano kwenye fulana vinatoka hapo. Koki iliyo chini ya mtungi ipo kwa kazi hiyo: ifungue kila jioni, maji yatoke yote. Ni kazi ya bure na ya nusu dakika, lakini tunakuta mitungi ambayo haijafunguliwa tangu inunuliwe, na koki imeshika kutu haizunguki tena.

Kuhusu bomba lenyewe, tuanze na lile tusilolifunga hata mteja akisisitiza: la plastiki ya PVC, la kijivu au jeupe, la maji ya kawaida. Ni rahisi, linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na gundi yake kila fundi anaijua. Tatizo ni namna linavyoachia. Bomba la maji likipasuka, unalowa. PVC yenye upepo wa bar 7 ikipasuka inarusha vipande vyenye ncha kali chumba kizima, kwa sababu hewa iliyobanwa inatanuka kwa ghafla. OSHA ya Marekani, taasisi ya serikali ya usalama kazini, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 1988, baada ya bomba la namna hiyo kulipuka na kumjeruhi mfanyakazi. Duka la uchapaji lina watu waliokaa palepale chini ya bomba siku nzima. Hatufungi.

Chuma cha GI (kilichopakwa zinki) ni imara lakini ni kizito, kukata tredi kunakula muda wa fundi, na baada ya miaka kutu ya ndani inasafiri hadi kwenye valvu za mashine. Shaba ni nzuri sana, ila bei yake nayo ni kubwa. Kwa duka dogo sisi tunatumia PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, ya daraja PN20 (daraja la presha), ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba inafaa kwa hewa iliyogandamizwa. Mafundi bomba wengi wana mashine ya kuichomelea, na viungio vyake ni nafuu. Ila ina masharti yake. Uwezo wake hushuka joto likipanda, kwa hiyo haianzii kwenye kichwa cha kompresa. Inaanzia baada ya mtungi. Jua la moja kwa moja huiharibu, hivyo kipande cha nje lazima kifunikwe. Na kati ya mtungi na ukuta weka mpira mzito wa presha wenye urefu usiozidi mita moja, ili mtikisiko wa mota usije ukalegeza viungo.

Angalia pia vipimo, maana namba ya PPR ni kipenyo cha nje kwa milimita. Bomba la 25 la PN20 lina uwazi wa milimita 16.6 ndani, la 20 lina milimita 13.2 tu. Na fundi akilipasha moto kupita kiasi na kulisukuma kwa nguvu, plastiki inajikunja ndani na kuacha mdomo unaoziba njia. Tumewahi kukata kiungo cha bomba la 20 tukakuta nafasi iliyobaki penseli inapita kwa shida. Kwa duka lenye laini ya mita 20 hivi na kompresa ya HP 2 au 3, la 25 linatosha. Tofauti ya bei kati yake na la 20 ni ndogo kuliko gharama ya kumrudisha fundi.

Mpangilio hauongezi gharama, na ndio unaofanya laini idumu. Bomba kuu tunalipitisha juu ukutani likiinama kuelekea mbali na kompresa, sentimita moja kwa kila mita, ili maji yatembee na upepo hadi mwisho, ambako kuna koki ya kuyamwagia. Kila tawi linachomolewa upande wa juu wa bomba kuu, linapinda kama mpini wa mwavuli ndipo linashuka kwenye mashine. Ukilichomoa upande wa chini, umeyafungulia maji mlango. Na kwenye tawi lenyewe, mpira wa mashine hautoki kwenye ncha. Unatoka ubavuni, sentimita 15 au 20 juu ya ncha, na chini kabisa panabaki koki nyingine ndogo. Kutoka hapo hadi kwenye mashine tunatumia mpira wa PU (poliyurethani) wa milimita 8 au 10 na viungio vya kuchomeka kwa mkono.

Chujio la maji watu huliweka kwenye mdomo wa kompresa, kwa sababu lilikuja nalo kwenye boksi moja. Pale upepo bado una moto na maji bado ni mvuke, kwa hiyo linakamata kidogo tu. Liweke karibu na mashine, baada ya upepo kupoa njiani, nalo litafanya kazi uliyolinunulia. Seti nyingi zina kikombe cha pili cha kutia mafuta kwenye upepo. Kwa uchapaji tunakiondoa, kwani matone ya mafuta yakifika kwenye karatasi au kitambaa, rangi haishiki. Kama mtengenezaji wa mashine fulani anadai mafuta, kikombe kinafungwa kwenye tawi la mashine hiyo pekee.

Uvujaji ndio unaokula LUKU kimyakimya. Tundu la milimita moja kwa bar 7 linapoteza lita 60 hadi 75 kwa dakika, theluthi au zaidi ya kompresa ndogo, na mota ya HP 2 hutumia takribani uniti moja na nusu za umeme kwa kila saa inayozunguka. Jipime mwenyewe: zima mashine zote, acha kompresa iwake, uhesabu. Ikizunguka dakika moja na kupumzika dakika tano, basi sehemu moja kati ya sita ya nguvu yake inavuja. Chukua sponji na povu la sabuni, pita kiungo kwa kiungo.

Mtungi nao una sheria zake. OSHA ya hapa Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, hukagua vyombo vya mgandamizo chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Ukinunua kompresa iliyotumika, ambayo kwa kweli ni njia nzuri ya kuokoa pesa, kagua kwanza valvu ya usalama na sehemu ya chini ya mtungi. Ukikuta umechomelewa kiraka, achana nao hata kama mota ni mpya.

Ukitaka tukufanyie makadirio, tutumie mchoro wa chumba uliochora kwa mkono wenye vipimo, picha ya kibao cha maelezo ya kila mashine inayotumia upepo, na picha ya kibao cha kompresa kama unayo. Tuambie pia ni mashine ngapi zinafanya kazi kwa wakati mmoja kazi ikiwa nyingi. Kazi ya duka la chumba kimoja kwa kawaida tunaimaliza ndani ya siku moja. Jioni tunajaza laini presha, tunafunga koki ya kompresa na kuandika namba ya geji. Asubuhi tunaisoma tena mbele yako kuona kama imeshuka, yaani kama laini inavuja, na malipo ya mwisho yanafanyika baada ya hapo.