Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Mgonjwa aulizwe kama amelamba asali

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam sana. Mimi ni mfugaji nyuki wa Handeni. Kila mwezi nashuka stendi ya Kange na madumu yangu, nikauze asali Ngamiani. Asali ndiyo iliyowasomesha wanangu, kwa hiyo yaliyomkuta kaka yangu yameniuma mara mbili.

Kaka ni fundi seremala, umri miaka 58. Kijana mmoja alimuuzia kichupa cha asali nyekundu ya Uturuki, akamwambia inarudisha nguvu za kiume. Kaka hakunieleza, na ninamwelewa. Mambo hayo mtu hamwambii mdogo wake. Alfajiri akalamba vijiko viwili tumbo likiwa tupu. Wifi yenu, mkewe, anasema hata saa haikutimia: mate yakamjaa kinywani, jasho la baridi likalowesha kanzu, akatapika. Alipoinuka aende msalani, macho yakaingia giza, akaanguka mlangoni.

Zahanati walimpima malaria, wakampima sukari. Presha ilikuwa 80 kwa 50, moyo unapiga mara 38 kwa dakika. Walihangaika naye kwa moyo wote, siwalaumu, ila hakuna aliyeuliza amekula nini. Mimi nilikikuta kichupa chini ya mto. Nikagusa tone kwa ncha ya ulimi: kooni likawasha, nyuma yake uchungu. Nimerina asali miaka mingi, sijakutana na ladha ile. Hospitali tuliyompeleka, daktari alipokiona tu alielewa. Akamchoma atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, akamtundikia dripu, na kesho yake kaka aliomba uji.

Daktari alitueleza vizuri. Kando ya Bahari Nyeusi huko Uturuki, na milimani Nepal, kuna vichaka vya rododendroni. Maua yake yana sumu iitwayo grayanotoksini, na nyuki huibeba pamoja na nekta, yale maji matamu ya maua. Ikiingia mwilini hushikilia wazi milango midogo inayopitisha sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwenye neva na misuli ya moyo, milango ambayo kwa kawaida hufunguka na kufunga. Ndipo mapigo yanapopungua na presha kushuka. Wengi hupona ndani ya siku moja, lakini mwenye moyo dhaifu au anayemeza dawa za presha yuko hatarini zaidi. Wala si jambo jipya: yapata mwaka 400 kabla ya Kristo askari wa Kigiriki walikula masega karibu na Trabzon ya leo, wakalala chini kama walevi. Xenophon, aliyekuwa nao, aliandika kwamba walisimama tena baada ya siku tatu au nne.

Rododendroni haioti yenyewe katika misitu yetu. Lakini mtaani sasa wanasema "asali inaua", na wateja wangu wa zamani wananipita. Wengine wanaipima kwa kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali, wengine wanaidondosha mchangani. Hata kama vipimo hivyo vingeonyesha maji au sukari, sumu ya ua havioni.

Ninachokuomba ni swali moja. Mgonjwa akifika anatapika, jasho linamtoka, mapigo yako chini, muuguzi amuulize: umelamba asali? Ya wapi? Na amwulize faragha, maana mwanaume hatasema mbele ya mkewe na wanawe kwamba alikuwa anatafuta nguvu.

Swali hilohilo lifike kliniki ya watoto. Hapa nasema hata kuhusu asali yangu mwenyewe, iliyo safi kabisa: mtoto asiyetimiza miezi 12 asilambishwe. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzishinda, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu. Choo kinafunga, kilio kinafifia, mtoto anashindwa kunyonya, shingo inalegea. Bibi zetu huwalambisha wajukuu kwa mapenzi, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Mimi nimeanza kuwaambia wanaonunua kwangu, lakini sauti ya muuza asali haifiki mbali.

Kichupa cha kaka bado ninacho, kina asali zaidi ya nusu, nimekifunga kwenye mfuko. Siku utakayonipangia nitakileta ofisini kwako.

Mfugaji nyuki, Handeni