Dawa za siku 28, miadi ya siku 44

15 Aprili

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wagonjwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA ZINAZOISHA KABLA YA MIADI

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa niaba ya Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye huu ni mwaka wake wa sita akitibiwa moyo katika kliniki yenu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, na sahihi yake iko chini ya yangu. Namba ya faili nimeiandika kwenye karatasi ya pembeni ili isipite mikono mingi.

Sina lalamiko juu ya daktari wake. Anamjua Baba, anamsikiliza, na hamwandikii dawa huku akitazama mlango. Ninacholalamikia ni hesabu. Kampuni yenu ilimpa mtu mmoja, siku moja, katika dirisha moja, dawa za siku 28 na miadi ya baada ya siku 44, na hakuna mtu hata mmoja aliyeshtuka.

Ilikuwa tarehe 3 Machi. Daktari aliandika kwa mkono wake, "Arudi baada ya wiki 4." Tukaenda mapokezi. Karani akatazama kalenda yake, akasema nafasi ya karibu ni tarehe 16 Aprili. Nikamwambia dawa zitaisha tarehe 31 Machi. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba mambo ya dawa si ya kwake, yeye ni wa miadi. Dawa zikikaribia kuisha niombe nyingine kwenye programu ya simu, nitajibiwa ndani ya saa 48. Sikumlaumu siku hiyo, na simlaumu leo. Amepewa kalenda, hakupewa cheti cha dawa akione.

Pengine kwako siku 15 za katikati ni jambo dogo, kwa hiyo niruhusu nieleze ni dawa gani. Baba ana moyo unaopiga bila mpangilio. Mtu mwenye hali hiyo asipotibiwa, uwezekano wake wa kupata kiharusi huwa takribani mara 5 ya mtu wa kawaida, kwa sababu damu hutuama ndani ya moyo, ikaganda, na donge likakimbilia kwenye ubongo. Anameza metoprololi ya kutuliza mapigo, ambayo karatasi iliyomo ndani ya boksi lake inaonya kwamba isiachwe ghafla. Na kila jioni anameza kidonge kimoja cha warfarini, miligramu 5, cha kuzuia damu kuganda. Warfarini haina mchezo. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kutibu binadamu mwaka 1954. Mfamasia wetu alimsimulia Baba habari hiyo, na tangu siku hiyo akifungua boksi husema, "Haya, panya mzee anakula chakula chake." Kinachoitofautisha sumu na dawa hapa ni kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa mtu kama yeye kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka chini ya hapo, damu inaganda. Kikipanda sana, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila mtu kujua. Tarehe 3 Machi kilikuwa 2.4. Kizuri kabisa.

Tarehe 24 Machi, wiki nzima kabla dawa hazijaisha, niliomba dawa kwenye programu yenu. Tarehe 26 ombi likabadilika rangi, likawa kijani, likaandikwa "Limekamilika." Nikaenda duka la dawa. Hakuna kitu. Mfamasia akatafuta kwa jina, akatafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, hakuna. Nikamwonyesha ile kijani kwenye simu yangu, akatabasamu tu. Alishaiona kabla yangu.

Basi nikaanza kupiga simu. Laini yenu inafunguliwa saa 2:00 asubuhi. Tarehe 27 nilipiga saa 1:59, sauti ikaniambia ofisi imefungwa. Saa 2:00 laini ina shughuli. Saa 2:01 nikaingia, nikaambiwa mimi ni wa 23 katika foleni. Niko wa 23 ndani ya dakika moja. Mpaka leo najiuliza hao 22 waliingilia mlango gani. Saa 2:50 mtu akapokea, akasema nafasi za leo zimekwisha, nipige kesho saa 2:00. Kesho yake ikawa vilevile, ila nilikuwa wa 17. Safari hii sikukubali kupigwa kalenda. Nilimwomba dada aliyepokea asinipe miadi, anisomee tu ombi langu lilikamilika vipi.

Akasoma. Ombi lilikataliwa. Daktari wa zamu aliona kipimo cha INR kimepitwa na wakati, akataka kipya kabla ya kuandika warfarini. Ndugu Meneja, hapo daktari hakukosea. Alifanya ninachotaka afanye. Lakini hakuna aliyetuambia. Katika mfumo wenu ombi lililokubaliwa na lililokataliwa yote "yamekamilika," na yote ni kijani. Na metoprololi, ambayo haihusiani na INR hata chembe, ikakataliwa pamoja na mwenzake kwa sababu ziliombwa katika fomu moja.

Nikauliza kipimo kipya tunakipataje. Kwa fomu ya maabara. Fomu inatolewa na nani? Na daktari, siku ya miadi. Miadi ni lini? Tarehe 16 Aprili. Dada wa simu naye akanyamaza kidogo aliposikia alichokisema.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa kliniki yenu ambaye sitamtaja, maana sijui kama kutusaidia kwake kuliruhusiwa. Nilimkuta ukumbini, nikamweleza, akaingia chumba fulani akatoka na fomu iliyosainiwa. Damu ikachukuliwa asubuhi ya tarehe 31 Machi. Jioni hiyo dawa zilikuwa zinaisha. Kwa metoprololi, mfamasia alitupa vidonge vya siku 3 kwa dharura, akaandika jina lake na kusaini. Warfarini alikataa kutoa bila cheti, na nilimshukuru kwa kukataa.

Tarehe 1 Aprili majibu yakatokea kwenye simu yangu: INR 1.6, kwa rangi nyekundu, na chini yake maneno "Wasiliana na daktari wako." Nilicheka peke yangu jikoni.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu namba ile haikuingia akilini. Baba hakosi dozi. Hajabadili chakula, hajapewa dawa nyingine yoyote. Nikaenda kabatini kwake kuangalia boksi, na nyuma ya boksi nikakuta kikopo kidogo, ndani yake nusu 7 za vidonge. Tangu tarehe 25 Machi alikuwa anakata kila kidonge katikati, anameza nusu, anaweka nusu. Alinisikia nikiongea na mfamasia, akanisikia nikihangaika na simu yenu, na kila nikimuuliza "Baba umemeza dawa?" akajibu "Nimemeza," na hakusema uongo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilitaka zifike tarehe 16, nisikusumbue." Mwanamume aliyeendesha maisha yake yote kwa kupanga akiba aliona dawa zinapungua, naye akafanya alichozoea.

Kwa hiyo ile 1.6 haikuwa ikipima damu ya mtu anayemeza miligramu 5. Ilikuwa inapima damu ya mtu anayebana matumizi. Na yeyote ambaye angeisoma bila kujua habari ya kikopo angefikia jibu moja tu: dozi haitoshi, iongezwe.

Hapo ndipo ninapotaka uongozi wenu usimame kidogo. Siku ile ya tarehe 1 nilitafuta njia ya kumfikishia daktari sentensi moja: "Alikuwa anameza nusu dozi tangu tarehe 25." Sikuipata. Kwenye programu, sehemu ya majibu ya maabara haina mahali pa kuandika chochote. Sehemu ya ujumbe ilinijibu yenyewe kwamba nitajibiwa ndani ya siku 5 za kazi. Kwenye simu niliambiwa hilo ni suala la kitabibu na wa mapokezi haruhusiwi kuliandika kwenye faili. Nikamwuliza basi aliandike kama si la kitabibu. Hakufurahi, na najua nilivuka mpaka. Namwomba radhi kupitia barua hii.

Tarehe 2 Aprili, saa 11 jioni, ujumbe ukaja kutoka kwa daktari ambaye hajawahi kumwona Baba. Warfarini iongezwe: kidonge kimoja na nusu siku 2 za wiki, kimoja siku nyingine zote. Pengine utasema nyongeza hiyo ni ndogo, na kwa karatasi ni kweli. Ila iliandikwa juu ya kipimo kilichopotoshwa na pengo lenu wenyewe. Tungeifuata, Baba angetoka nusu dozi akaruka hadi juu ya dozi iliyokuwa inamfaa, na hakuna miadi iliyokuwa karibu ya kugundua.

Hatukuifuata. Alfajiri ya tarehe 3 nilikuwa mlangoni kwa mfamasia. Akapiga namba ambayo kumbe mnayo kwa ajili ya watu wa taaluma, na ndani ya dakika 10 alikuwa anaongea na daktari. Daktari akasikiliza, akaifuta ile nyongeza, akaandika dozi ya zamani kwa siku 28 na kipimo kingine baada ya wiki moja, na metoprololi juu yake. Dakika 10, baada ya siku 10 za kuhangaika. Tarehe 10 Aprili INR ilisoma 2.2, kwa kidonge kilekile kimoja kila jioni. Dozi haikuwa na tatizo tangu mwanzo.

Ninachoomba si fidia. Naomba kwanza anayetoa miadi awe anaona dawa zinaisha lini, na kama hakuna nafasi kabla ya siku hiyo, daktari aulizwe palepale aandike cheti kinachofika siku ya miadi badala ya mgonjwa kuambiwa akajaribu bahati yake kwenye simu. Kama daktari hataki kuandika zaidi ya siku 28 kwa sababu ya usalama, na kwa warfarini naelewa kabisa, basi miadi ndiyo isogezwe. Mojawapo lazima ikubali kumfuata mwenzake.

Wanaotumia warfarini wapewe fomu ya maabara ya kudumu, isiyongoja miadi. Kipimo hiki kwao ni cha kila mara, si tukio. Ombi likikataliwa liandikwe limekataliwa, na sababu iandikwe, siku hiyohiyo. Dawa ambayo haina kasoro isifungwe kwa kosa la jirani yake. Na pale chini ya majibu ya maabara wekeni nafasi ya mgonjwa au anayemtunza kuandika mistari miwili. Mfumo wenu unaojua kunikumbusha ada ya mwaka mara 3 kwa wiki moja hauwezi kushindwa na hilo.

Kuhusu laini ya saa 2:00 asubuhi, sina ushauri. Mtu anayehitaji kuendelea na dawa ileile ya miaka 6 hapaswi kuwa kwenye foleni moja na aliyeamka na homa. Sisi tunamziba yeye, yeye anatuziba sisi.

Nilikuwa niishie hapa. Lakini jana, tarehe 14 Aprili, umeingia ujumbe mfupi kwamba miadi ya kesho tarehe 16 imeahirishwa kwa sababu zisizozuilika, na nafasi mpya ni tarehe 6 Mei. Dawa alizopewa tarehe 3 Aprili zinaisha jioni ya tarehe 30. Nimempigia karani kumweleza. Ameniambia niombe kwenye programu.

Kwa hiyo pamoja na yote niliyoyaandika juu, naomba kabla ya tarehe 23 Aprili nipate moja kati ya haya mawili kwa maandishi: miadi iliyo kabla ya tarehe 30, au cheti cha dawa zote mbili kinachofika tarehe 6 Mei pamoja na fomu ya INR. Nakala ya barua hii nimempa mfamasia. Nisipopata jibu kufikia siku hiyo, nitaipeleka kwa mamlaka inayosimamia vituo vya afya, pamoja na picha za skrini za kila tarehe niliyoitaja.

Kikopo cha Baba sasa nakitunza mimi. Nusu 4 alizimeza jioni za tarehe 1 na 2 Aprili wakati tunasubiri cheti. Zimebaki 3. Juzi aliniuliza kama bado ninazo.

Wako,

Mwanawe na mtunzaji wake

(Sahihi ya mgonjwa: imewekwa)